Kufundisha Vifungo na Fomula za Chumvi: Mfano wa Uvinza

Katika mada za Sayansi ambazo walimu wanafunzi huziendea kwa hofu, fomula za kemia ndizo zinazoongoza. Wengi hufika chuoni wakiwa wamezikariri bila ya kuzielewa, na kwa hiyo huelekea kuzifundisha kwa namna ile ile walivyofundishwa wao. Mwalimu huandika NaCl ubaoni, darasa huitikia kwa sauti moja, herufi hunakiliwa madaftarini, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Mtoto aliyepitia somo la namna hiyo aweza kupata alama zote katika jaribio, na jioni akatia chumvi katika mboga bila ya kutambua kwamba hicho ndicho kitu alichokiandika asubuhi.

Huo si upungufu mdogo. Asiyejua fomula inasema nini hawezi kuyajibu maswali ambayo watu huyauliza kila siku. Je, chumvi iliyotiwa madini joto imetiwa sumu? Mbona dawa ya klorini ya kusafishia maji inanuka, ilhali chumvi, tunayoambiwa ina klorini ndani yake, hainuki kabisa? Je, mbolea ya fosfeti ni kitu kigeni kwa mwili wa mtu? Vijijini maswali hayo humwangukia mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Akijibu kwa kubahatisha, kuna nyumba ambazo watoto wao watanyimwa chumvi inayowafaa.

Katika makala haya tutaonyesha jinsi mada ya vifungo na fomula inavyoweza kufundishwa kwa kuanzia kitu kimoja kinachojulikana sana magharibi ya Tanzania, nacho ni chumvi ya Uvinza. Kutoka hapo tutapanda hatua kwa hatua mpaka chumvi za fosfeti, zilizomo katika mifupa yetu na katika mifuko ya mbolea. Si yote tutakayoyaeleza yanayofaa kumwagiwa watoto. Mengine ni akiba ya mwalimu mwenyewe, maana mwalimu asiyejua zaidi ya kile atakachokisema hunyamazishwa na swali la kwanza.

Chumvi katika njia ya misafara

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, mahali ambapo wasafiri wa kwanza wa Kizungu walipaita Kazeh. Hapo iligawanyika. Tawi moja lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na jingine lilishika magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Waliofuata tawi la magharibi hawakuwa na budi kuvuka mto Malagarasi na kupita nchi ya Uvinza, wakitoa hongo njiani. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1858, Henry Stanley mwaka 1871, na Verney Lovett Cameron mwaka 1874.

Vitabu vya historia hueleza zaidi habari za pembe za ndovu na watumwa. Ni haki kufanya hivyo, lakini chumvi ilitangulia. Karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia katika Malagarasi pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba mahali hapo kutafuta mabaki ya kale, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi huko tangu yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya msafara wa kwanza wa pwani kufika. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Maji ya mito yalipopungua, watu walikuja kutoka Uvinza, Uha, Unyamwezi na kwingineko, wakapiga kambi, wakateka maji ya chemchemi na kuyachemsha katika vyungu hadi chumvi ikabaki. Sehemu ya chumvi hiyo walipewa watawala wa nchi, na iliyobaki ilichukuliwa na wenyewe kwenda kuliwa au kuuzwa, Unyamwezi upande mmoja, Uha, Burundi na ng'ambo ya ziwa upande mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, kazi hiyo ilianza kuendeshwa kwa mitambo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Uvinza ikawa kituo kati ya miji hiyo miwili.

Mwalimu asiiseme historia hii kwa haraka kama utangulizi wa kupitisha muda. Kila tendo la mtengeneza chumvi wa Uvinza lina swali la kemia ndani yake. La kwanza ni hili: je, moto wa chungu uliiumba chumvi? Watoto wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa hapakuonekana chumvi kabla ya moto na baada yake imeonekana. Wafanye jaribio wenyewe. Wachanganye vijiko viwili vya chumvi na udongo mkavu, watie maji, wakoroge, wachuje kwa kitambaa, kisha wayachemshe maji yaliyochujwa katika sufuria ndogo. Yanapobakia kidogo wayaondoe motoni, wayamimine katika kisosi na kukiweka juani. (Yasichemshwe mpaka yakauke, kwa kuwa chumvi ya moto huruka na kuunguza macho.) Kesho yake, au keshokutwa, watakuta chembe za chumvi zilizojijenga polepole, na nyingi kati ya hizo zitakuwa na umbo la mchemraba, kama vijisanduku vidogo. Mwenye kioo cha kukuzia akitumie. Asiye nacho atumie tone la maji juu ya kipande cha nailoni iliyo wazi.

Hapo mwalimu apime na kueleza. Gramu 100 za maji yasiyo moto zaweza kuyeyusha kiasi cha gramu 36 za chumvi, si zaidi. Moto ulifukuza maji, na chumvi iliyokuwamo tangu mwanzo haikuwa na mahali pa kukaa. Maji na chumvi vilikuwa mmumunyo, na mmumunyo hutenganishwa kwa njia nyepesi kama hii. Lakini chumvi yenyewe je, nayo yaweza kutenganishwa kwa chungu na moto? La. Tofauti hiyo kati ya vitu vilivyochanganyika tu na vitu vilivyofungamana ndiyo mlango wa kuingilia somo la vifungo.

Mzigo wa mpagazi

Chumvi safi ya kula ni kampaundi ya elementi mbili, sodiamu na klorini. Sodiamu ni metali laini, inayokatika kwa kisu, nayo ni kali kiasi cha kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Ikitupwa katika maji huchachamaa na huweza kulipuka. Humphry Davy aliipata ikiwa peke yake kwa mara ya kwanza mwaka 1807, kwa kutumia nguvu ya umeme, kwa kuwa moto wa kawaida haukutosha kuinyang'anya kutoka kwa wenzake. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani na manjano, inayochoma mapafu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ilitumiwa kuua askari huko Ubelgiji. Hatumshauri mwalimu yeyote atafute sodiamu au atengeneze klorini darasani. Maelezo yatosha.

Sasa mwalimu awape wanafunzi hesabu. Mpagazi wa Kinyamwezi alizoea kubeba mzigo wa kiasi cha frasila 2, yaani kama kilo 32. Lau mzigo wake wote ungekuwa chumvi safi, angebeba kilo ngapi za sodiamu na ngapi za klorini? Uzito wa atomi ya sodiamu ni 23 na wa klorini ni 35.5, jumla 58.5. Sodiamu, basi, ni sehemu 23 katika 58.5, na kilo 32 zina karibu kilo 12.6 za sodiamu na kilo 19.4 za klorini. Mtu huyu amechukua begani kilo 19 za gesi ya sumu na kilo 12 za metali inayolipuka majini. Amevuka Malagarasi, amenyeshewa na mvua, amelala kichwa chake kikiwa juu ya mzigo, naye hakukohoa wala hakuungua.

Mwalimu anyamaze kidogo hapo. Swali litatoka kwa watoto wenyewe, nalo ndilo kiini cha mada nzima: elementi iliyofungwa katika kampaundi si ile tena iliyokuwa huru. Fomula haitoi tu orodha ya vilivyomo. Inatuambia ni nini kimefungwa na nini, na kwa hesabu gani.

Kete, mahindi na maharage

Kueleza kifungo chenyewe, twapendekeza kete za bao. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11, nazo zimepangwa katika mizingo mitatu: 2, 8, 1. Ya klorini ina 17: 2, 8, 7. Chora mizingo hiyo sakafuni kwa chaki, na wanafunzi wapange kete. Kila mtoto ataona kwamba sodiamu ina kete moja ya pekee iliyo mbali, na klorini ina nafasi moja tu ya kujaza katika mzingo wa nje. Kete ya sodiamu ihamie kwa klorini. Sodiamu iliyopoteza elektroni moja imebaki na chaji chanya moja, nasi twaiandika Na⁺. Klorini iliyoongeza moja ina chaji hasi moja, nasi twaiandika Cl⁻. Vitu hivyo vyenye chaji huitwa ioni. Chanya na hasi huvutana, na mvuto huo ndio kifungo. Ni mvuto wenye nguvu sana: chumvi haiyeyuki motoni mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi, ndiyo maana chungu kilichokauka juu ya jiko la kuni hubaki na chumvi ngumu.

Walimu wengi huishia hapo, na papo hapo huacha kosa kubwa katika akili za watoto. Mchezo wa kete huonyesha sodiamu moja ikishikamana na klorini moja, kama mume na mke, na mtoto huondoka akiamini kwamba chumvi ni mkusanyiko wa jozi jozi. Sivyo. Ioni ya sodiamu haijui ni klorini ipi iliyopokea elektroni yake. Huvuta kila ioni hasi iliyo karibu nayo.

Ili kulisahihisha, twaa punje za mahindi na maharage. Zipange mezani kwa safu: hindi, haragwe, hindi, haragwe. Safu ya pili ianze na haragwe, ya tatu na hindi, na kuendelea. Kila haragwe litazungukwa na mahindi manne. Kisha weka kipande cha karatasi ngumu juu yake, upange tabaka la pili kwa kugeuza, pale palipo hindi chini pakae haragwe juu, halafu tabaka la tatu vivyo hivyo. Sasa kila haragwe la katikati lina majirani sita: wanne pembeni, mmoja juu, mmoja chini. Hivyo ndivyo ioni zilivyojipanga katika chembe ya chumvi, kama walivyoonyesha Bragg, baba na mwana, mwaka 1913 kwa kutumia miali ya eksirei. Umbo la mchemraba waliloliona watoto katika kisosi limetokana na mpango huo huo. Kwa hiyo NaCl si jina la jozi. Ni uwiano tu: kwa kila ioni moja ya sodiamu ipo moja ya klorini, iwe katika chembe moja au katika gunia zima.

Zana hii ya mahindi na maharage ina faida nyingine ambayo twaipenda zaidi kuliko ile ya kwanza. Mwambie mtoto asogeze safu moja hatua moja. Ghafla hindi limekaa kando ya hindi na haragwe kando ya haragwe, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Vilivyovutana sasa vinasukumana, na safu zinaachana. Basi chukua chembe kubwa ya chumvi ya mawe na uigonge kwa jiwe: haibonyei kama risasi wala kukunjika kama waya, bali hupasuka kwa nyuso zilizonyooka. Mtoto aliyeisogeza safu ile kwa kidole chake hahitaji kuambiwa sababu.

Chumvi inapoingia majini, molekuli za maji huzizunguka ioni na kuzitenganisha. Katika chemchemi za Uvinza, basi, hamna punje ndogo ndogo zilizojificha. Mna ioni zinazotembea kila moja kwa njia yake, nazo hupangana upya maji yakiondoka.

Kusawazisha mzegamzega

Baada ya hapo, kuandika fomula ni suala la kusawazisha. Mfano unaofaa ni mzegamzega, yaani mti wa begani wenye mzigo kila upande. Mchukuzi hawezi kwenda ikiwa upande mmoja umezidi, na kampaundi haiwezi kusimama ikiwa chaji chanya hazilingani na hasi. Sodiamu ina moja na klorini ina moja, mti umelala sawa, fomula ni NaCl. Kalsiamu ina chanya mbili, kwa hiyo inahitaji klorini mbili, na fomula ni CaCl₂. Tarakimu ndogo huonyesha ni mizigo mingapi iliyotundikwa. Ikiwa ni mmoja, hatuandiki kitu.

Magadi huongeza jambo jipya. Watoto huyajua kwa kuwa nyumbani hutiwa katika maharage yaive upesi, na kwa macho huweza kudhaniwa kuwa chumvi chafu. Kamulia ndimu juu ya magadi, yatatoa povu. Kamulia ndimu juu ya chumvi, haitafanya hivyo. Sehemu kubwa ya magadi ni kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃. Upande mmoja wa mti pana sodiamu mbili. Upande wa pili pana kundi la atomi, kaboni moja na oksijeni tatu, ambazo zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na kuchukuana kama ioni moja yenye chaji hasi mbili. Atomi hizo ndani ya kundi hazikupeana elektroni moja kwa moja, bali zinazitumia kwa ushirika. Kwa hiyo katika punje moja ya magadi mna vifungo vya aina mbili: kifungo cha ushirika ndani ya kundi, na kifungo cha ioni kati ya kundi na sodiamu. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu fosfeti haieleweki bila ya hilo.

Madini joto

Tangu katikati ya miaka ya 1990, sheria za Tanzania zimetaka chumvi ya kula itiwe madini joto, yaani iodini. Mwili huihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ukiikosa tezi ya shingoni huvimba ikawa rovu, na mama mjamzito akiikosa mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa la watoto sabini ana sababu yake mwenyewe ya kulijali jambo hili.

Watoto wameijua iodini katika somo la vyakula. Walidondosha dawa ya iodini juu ya muhogo na wakaona wanga ukigeuka buluu iliyokoza. Basi mjanja mmoja atanyunyiza chumvi yenye madini joto juu ya muhogo, aone rangi haibadiliki, atangaze kwamba kiwandani wametudanganya. Asikemewe, kwani amefanya kazi ya mwanasayansi. Lakini iodini ya dawa iko huru, na ya chumvi imefungwa. Kiwandani hutiwa iodeti ya potasiamu, KIO₃, makumi machache tu ya miligramu katika kilo moja ya chumvi. Mti wa mzegamzega una potasiamu moja upande huu, na upande ule pana kundi la iodini moja na oksijeni tatu, lenye chaji hasi moja. Iodini iliyofungwa namna hiyo haiugusi wanga. Wakaguzi wa chumvi hutumia maji maalumu ya kupimia, yenye asidi na chumvi ya iodidi, ambayo kwanza huifungua iodini na ndipo rangi ionekane. Ni jambo lile lile tuliloliona katika mzigo wa mpagazi.

Mwalimu aongeze hapa ushauri wa jikoni: chumvi ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua na moshi, na itiwe mboga inapokaribia kuiva, kwa kuwa unyevu na moto huipunguza iodini.

Fosfeti: kutoka mfupani hadi shambani

Fosforasi huru ni hatari kuliko sodiamu. Hennig Brand wa Hamburg aliipata mwaka 1669 kwa kuchemsha na kuchoma mikojo. Ile nyeupe huwaka yenyewe ikikaa hewani, kwa hiyo huhifadhiwa ndani ya maji, nayo ni sumu kali. Ile nyekundu, iliyo pole zaidi, imo katika ubavu wa kisanduku cha kiberiti. Pamoja na hayo, mtu mzima ana kiasi cha gramu 700 za fosforasi mwilini mwake, na kama asilimia 85 yake imo katika mifupa na meno. Haiwaki wala haimdhuru, kwa sababu imefungwa.

Fosforasi moja huungana kwa ushirika na oksijeni nne, na kundi hilo zima huwa na chaji hasi tatu: PO₄³⁻. Ndiyo ioni ya fosfeti. Tuifunge na kalsiamu yenye chanya mbili. Upande mmoja mizigo ya mbili mbili, upande mwingine mizigo ya tatu tatu. Itundikwe mingapi ili mti ulale sawa? Waachieni watoto mawe na fimbo, watagundua wenyewe kwamba mitatu ya mbili hulingana na miwili ya tatu. Fomula ni Ca₃(PO₄)₂. Mabano yanasema kwamba kundi zima limerudiwa mara mbili, fosforasi pamoja na oksijeni zake. Mtoto akiandika CaPO₄, usimpigie mstari mwekundu tu. Mwambie autundike mzigo wake aone jinsi mti unavyoinama.

Kwa usahihi zaidi, fosfeti ya mfupa ina pia kundi la oksijeni na hidrojeni, na fomula yake huandikwa Ca₅(PO₄)₃OH. Mwalimu aijue, asiianze nayo.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku iliyosafishwa. Mmoja uchome katika moto mkali mpaka uwe mweupe. Umbo litabaki, lakini ukiubonyeza utavunjika kama chaki, maana nyama zote zimeungua na iliyosalia ni hasa fosfeti ya kalsiamu. Mwingine uuache ndani ya siki kwa juma moja au zaidi, ukiibadilisha siki mara kwa mara. Utakuta unapindika kama mpira. Asidi ya siki imeiondoa fosfeti na kuacha nyuzi laini. Katika maji matupu mfupa ungekaa mwaka mzima bila ya kulainika. Fosfeti ya kalsiamu haiyeyuki majini kwa urahisi, lakini asidi huifungua kifungo chake.

Hili ndilo linalohusu kilimo. Mmea nao hauwezi kuishi bila fosforasi, na udongo mwingi wa nchi ya miombo, kama ule wa Tabora, ni wa kichanga na haina ya kutosha. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yamo mawe ya fosfeti yaliyogunduliwa mwaka 1956, ambayo kwa sehemu yametokana na mabaki ya ndege na samaki wa kale. Mawe hayo yakisagwa na kutiwa katika udongo wenye asidi, hufunguliwa taratibu na udongo wenyewe, kama mfupa katika siki. Katika udongo usio na asidi hulala tu. Viwandani, fosfeti ya mawe hutiwa asidi ya salfa kabla ya kufika shambani, ikageuka Ca(H₂PO₄)₂, ambayo huyeyuka majini na mizizi huinywa mara moja.

Mfuko mtupu wa mbolea ni zana nzuri na haina gharama. Mfuko wa DAP huandikwa 18-46-0, na wakulima wengi hudhani kwamba 46 ni asilimia ya fosforasi. Kwa desturi ya zamani ya wafanyabiashara wa mbolea, namba hiyo huhesabiwa kana kwamba fosforasi yote iliyomo ingekuwa oksidi, P₂O₅, ingawa oksidi hiyo haimo kamwe katika mfuko. Katika P₂O₅ fosforasi ni 62 katika 142. Mfuko wa kilo 50, basi, una kilo 23 za oksidi hiyo ya hesabuni, yaani kama kilo 10 za fosforasi halisi. Mbolea nyingi kupita kiasi husombwa na mvua hadi mitoni na maziwani, zikalisha mwani na magugu maji badala ya mahindi. Mkulima ambaye mwanawe amejua kuisoma namba ya mfuko hununua kwa akili zaidi.

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha azifanyie majaribio zana hizi chumbani mwake kwanza, hasa mfupa wa siki, ambao huhitaji kuanzwa juma zima kabla ya kipindi. Kisha aandike fomula za fosfeti ya sodiamu, fosfeti ya potasiamu na fosfeti ya magnesi (chaji ya magnesi ni chanya mbili), kwa kutundika mawe na bila ya kufungua kitabu, na amweleze mwenzake asiyesoma Sayansi kwa nini ile ya mwisho peke yake inahitaji mabano.